Punda Aliyehesabu Kwato Zake

"Mjomba, kwa nini watu husema fadhila za punda ni mateke? Punda alifanya nini?"

Ah, mpwa wangu! Swali zuri hilo. Watu wazima wengi wameusema msemo huo tangu utotoni, na hawajasimama hata siku moja kujiuliza punda mwenyewe anasemaje. Wewe umeuliza. Basi sogea hapa, na wenzako wasogee pia, tumsikilize punda.

Punda wetu anaitwa Kijivu. Anaishi kisiwani Lamu, katika mji wa kale. Ni mji wa nyumba za mawe na vichochoro. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Vichochoro vyake ni vyembamba. Ukinyoosha mikono yote miwili, mahali pengine unagusa ukuta huku na ukuta kule. Gari litapita wapi? Halipiti. Sasa nani hubeba mchanga wa kujengea? Punda. Nani hubeba saruji? Punda. Nani hubeba mawe? Punda huyo huyo. Punda ni muhimu sana Lamu, hata tangu mwaka 1987 kuna kliniki yao maalumu, ya punda, si ya watu.

Siku moja Kijivu aliamka vizuri. Alipewa maji, akanywa. Alipewa pumba, akala. Kijana wa mwenye punda akamkuna nyuma ya sikio, pale pale anapopapenda. Kisha akawekwa shogi mgongoni, wakashuka hadi gatini. Jahazi lilikuwa limeleta mchanga. Shogi likajazwa huku na huku, wakashika njia.

Hatua moja. Hatua mbili. Hatua kumi. Mara, chwi! Kokoto ikaingia katika ukwato wa nyuma, wa kushoto. Kokoto ndogo, mpwa wangu. Ungeiokota ungeitupa bila hata kuitazama.

Tangu hapo Kijivu hakuona kitu kingine.

Wakapita kivulini, upepo wa bahari ukavuma taratibu. "Upepo gani?" akasema Kijivu. "Mimi nina kokoto."

Mzee mmoja aliyekaa barazani akasema, "Mashallah, punda mzuri huyu." Kijivu akasema, "Uzuri gani? Mimi nina kokoto."

Wakafika kwenye nyumba inayojengwa. Mchanga ukamwagwa, mgongo ukawa mwepesi. "Mgongo gani?" akasema Kijivu. "Mimi nina kokoto."

Kijana akaenda kumletea ndoo ya maji na maganda ya tikiti. Maganda ya tikiti! Hakuna kitu Kijivu anachokipenda kuliko hicho. Kijana akainama, akaiweka ndoo chini, na papo hapo... teke! Ndoo ikaruka, maji yakamwagika, maganda yakatawanyika kichochoro kizima.

Watu wa barazani wakacheka. "Si tulikuambia? Fadhila za punda ni mateke!"

"Mjomba, kijana aliumia?"

Hapana. Una huruma wewe, na huruma hiyo uiweke. Ni ndoo tu iliyopinduka. Lakini sikiliza alichofanya kijana. Hakucheka wala hakuchukua fimbo. Aliuliza swali, kama wewe. Alijiuliza, "Huyu leo ana nini?" Akampapasa shingo, akashuka na mkono polepole hadi mguuni, akauinua mguu, akatazama chini ya ukwato. Akaiona kokoto. Akaitoa kwa kijiti.

Jioni ikafika. Kijivu amefungwa uani. Juu ya ukuta akaja paka, mmoja wa wale paka wa Lamu wembamba wenye miguu mirefu. Paka hupenda kuuliza maswali, hasa wakishashiba samaki.

"Kijivu, siku yako ilikuwaje?"

"Mbaya. Mbaya sana. Niliingiwa na kokoto."

"Pole. Una kwato ngapi?"

"Nne."

"Zilizoingia kokoto ni ngapi?"

"Moja."

"Na zile tatu zilikuwa wapi?"

Kijivu akafungua mdomo ajibu. Akaufunga. Akatazama chini. Tangu azaliwe hakuwahi kuzitazama kwato zake zikiwa nzima. Akaanza kuhesabu. Ukwato wa mbele wa kulia, mzima. Ukwato wa mbele wa kushoto, mzima. Ukwato wa nyuma wa kulia, mzima. Ukwato wa nyuma wa kushoto, uliumia, kijana akaushughulikia.

"Kumbe!" akasema Kijivu. "Nilitembea siku nzima kwa kwato tatu nzuri, na sikujua."

"Ukwato mzima haupigi kelele," akasema paka.

Basi kuanzia jioni ile, kila jioni, Kijivu huhesabu kwato zake kabla ya kulala.

"Lakini mjomba, Kijivu ni punda. Mimi si punda."

Kweli kabisa, mpwa wangu. Ila hebu tukumbuke jana yako ilivyokwenda. Asubuhi uji ulikuwa wa moto, umetiwa ndimu kama unavyoupenda. Njiani rafiki yako alikungoja mwende pamoja. Darasani mwalimu aliisoma insha yako mbele ya wote. Mchana ulicheza mpira, ukafunga. Halafu, wakati wa kurudi, mtoto mmoja akavicheka viatu vyako. Neno moja tu. Usiku ulipojilaza, ulifikiria nini? Uji? Rafiki? Insha? Bao?

Ulifikiria viatu.

"Nilifikiria viatu. Kwa nini, mjomba?"

Usijilaumu. Kila mtu yuko hivyo, hata mimi. Mwaka 2001 mtaalamu wa nafsi za watu, Roy Baumeister wa Marekani, pamoja na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa na watu mbalimbali. Walikuta jambo hilohilo karibu kila walikotazama: baya hutugusa kwa nguvu kuliko zuri. Tusi moja hukaa moyoni muda mrefu kuliko sifa moja. Hasara ya shilingi mia huuma kuliko furaha ya kuokota shilingi mia.

Na kuna sababu nzuri ya kuwa hivyo. Fikiria babu zetu wa kale kabisa, waliokuwa wakiishi porini. Aliyepita mti wenye matunda mabivu bila kuyaona, alikosa matunda leo, kesho akapata mengine. Aliyepita nyoka majanini bila kumwona, kesho yake haikuwapo. Kwa hiyo ubongo ukajifunza kutazama hatari kwanza. Ubongo wako unakulinda, mpwa wangu. Usiukasirikie. Hata Kijivu alipaswa kuisikia ile kokoto. Punda asiyesikia kokoto huishia na kidonda, na kidonda humfanya awe kiwete.

Sababu ya pili ni kuzoea. Unakumbuka viatu vya Idd? Siku ya kwanza ulilala navyo kando ya kitanda. Siku ya pili uliwaonyesha majirani. Leo unavivaa bila hata kuvitazama. Havijaharibika, bado ni vizuri vilevile. Umevizoea tu. Ndivyo tunavyozoea maji ya bombani, macho yanayoona, mama anayeuliza umekula. Paka alisemaje?

"Ukwato mzima haupigi kelele!"

Naam! Umeshika. Kokoto hupiga kelele yenyewe, huna haja ya kuitafuta. Ukwato mzima sharti uutafute wewe. Kushukuru kila siku ndiko huko kuutafuta.

Sasa nitakueleza jambo ambalo watu wamelipima. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua wanafunzi wa chuo kikuu, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza liliambiwa: kila wiki andikeni mambo yasiyozidi matano mnayoyashukuru. Kundi la pili: andikeni mambo yaliyowakera. Kundi la tatu: andikeni mambo yoyote yaliyotokea. Wakafanya hivyo wiki 10.

Unaona walichofanya? Kundi moja lilihesabu kwato nzima, kundi jingine likahesabu kokoto.

"Nani alishinda, mjomba?"

Hayakuwa mashindano, lakini nakuelewa. Waliohesabu kwato nzima waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, na waliitazamia wiki inayokuja kwa matumaini zaidi. Hata maumivu ya mwili waliyoyataja yalikuwa machache. Na walifanya mazoezi ya viungo zaidi kuliko wale wa kero. Ajabu, sivyo? Hakuna aliyewaambia wafanye mazoezi. Waliambiwa waandike tu.

Kuna sehemu ya utafiti huo ninayoipenda zaidi. Wataalamu hao waliwaendea watu wazima wenye maradhi ya neva na misuli. Hawa walikuwa na kokoto kubwa, mpwa wangu, na si ya kutolewa kwa kijiti. Baadhi yao waliombwa waandike kila siku mambo wanayoyashukuru, kwa siku 21. Maradhi hayakuondoka. Lakini walikuwa na furaha zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika, na walilala vizuri zaidi. Mimi nikilisoma hilo huwa nasimama kidogo. Mtu ambaye mwili wake unamsumbua kila saa amekaa na kalamu, anatafuta kilicho kizima. Naye anakipata.

"Na watoto je? Watoto walipimwa?"

Nilijua utauliza! Ndiyo. Mwaka 2008 mtaalamu Jeffrey Froh na wenzake walitoa utafiti wa wanafunzi 221 wa darasa la sita na la saba, huko huko Marekani. Walikuwa madarasa 11. Madarasa mengine yalihesabu neema kila siku kwa wiki mbili, mengine yalihesabu kero, mengine hayakufanya lolote. Waliohesabu neema walikuwa na matumaini zaidi, wakayaridhia zaidi maisha yao. Tena waliipenda zaidi shule. Shule ile ile, yenye madawati yale yale!

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani nimekupa dawa ya miujiza. Wataalamu wengine baadaye walizikusanya tafiti nyingi za namna hii wakazipima upya. Waliona faida ipo, ila ni ya kiasi. Ni nzuri kwa moyo, haigharimu kitu, na haitoshi peke yake mtu anapokuwa mgonjwa. Nitalirudia hilo baadaye kidogo, kwa sababu ni zito.

"Sasa mimi nifanyeje, mjomba?"

Tafuta daftari. Liwe dogo, hata lile lenye kurasa zilizobaki mwaka jana. Usiku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo. Matatu tu. Halafu kando ya kila jambo andika kwa nini lilitokea. Njia hii iliandikwa mwaka 2005 na Martin Seligman na wenzake. Waliwaomba watu waifanye kila usiku kwa wiki moja. Wengi walijisikia vizuri zaidi, na waliofaidika muda mrefu zaidi, hadi miezi sita, ni wale ambao wiki ilipokwisha waliendelea wenyewe bila kuambiwa.

Hapo kwenye "kwa nini" ndipo penye utamu, nami nataka tukae hapo.

Watoto wengi huandika hivi: "Nashukuru kwa familia. Nashukuru kwa chakula. Nashukuru kwa afya." Ni vizuri. Ni kweli. Lakini kesho wataandika hayo hayo, na keshokutwa hayo hayo, na baada ya wiki mkono utaandika peke yake huku akili iko kwenye mpira. Kijivu hasemi, "Nashukuru kwa miguu." Kijivu anahesabu. Ukwato wa mbele wa kulia, mzima. Ukwato wa mbele wa kushoto, mzima. Anautazama mmoja mmoja.

Basi nawe tazama jambo moja moja. Badala ya "nashukuru kwa chakula," andika: "Leo asubuhi nimekula mahamri kwa mbaazi, na mahamri yalikuwa bado ya moto." Kwa nini? "Kwa sababu bibi aliamka kabla ya adhana kuukanda unga." Unaona kilichotokea? Umeanza na hamri, ukamkuta bibi. Ulikuwa hujui kwamba yuko ndani ya hamri lile. Sasa unajua.

Jingine. "Leo nimeelewa kugawanya sehemu." Kwa nini? "Kwa sababu nilimuuliza mwalimu mara ya pili, ingawa niliona haya." Hapo umemkuta nani?

"Mimi!"

Wewe mwenyewe. Hata wewe unastahili shukrani zako. Ulinyoosha mkono, hukuogopa kuonekana hujui. Andika, usione aibu.

Jambo lisilotokea nalo huandikwa. "Leo mvua ilinyesha na paa halikuvuja." Kwa nini? "Kwa sababu Jumamosi baba alipanda juu akaliziba." Paa lisilovuja ni ukwato mzima kabisa. Halina kelele hata kidogo.

"Mjomba, nikisahau je? Mimi husahau sana."

Wote tunasahau. Kuna njia. Usiibebe kazi hii peke yake. Ifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa. Je, kila usiku unashusha chandarua? Basi ukishashusha chandarua, chukua daftari. Unapiga mswaki? Ukishapiga mswaki, chukua daftari. Chagua moja, na liwe hilo hilo kila siku. Chandarua kitakukumbusha.

Mwanzoni utaona kazi. Hiyo ni kawaida. Huko London, katika chuo kikuu cha University College London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijifunza tabia mpya, kama kunywa maji pamoja na chakula cha mchana. Walitaka kujua huchukua siku ngapi hadi mtu afanye jambo bila kujilazimisha. Kwa wastani ilikuwa siku 66. Wengine walikuwa wepesi, siku 18 tu. Kwa wengine ilikadiriwa kuwa siku 254! Kwa hiyo rafiki yako akizoea kabla yako, usivunjike moyo. Yeye ni yeye, wewe ni wewe.

Na waliona jambo jingine la kufurahisha. Aliyekosa siku moja hakuharibu kitu. Kesho yake aliendelea pale pale. Umelala mapema kwa homa? Umesafiri, daftari limebaki? Hakuna kesi. Usiseme, "Basi nimeharibu, naacha." Siku inayofuata chandarua kikishuka, daftari lifunguke.

Tena, ukiona umeanza kuchoka, punguza. Mtaalamu mmoja, Sonja Lyubomirsky, na wenzake waliona kwamba watu walioandika neema zao mara moja kwa wiki walifurahi zaidi, lakini walioandika mara tatu kwa wiki hawakufaidika vile. Huenda waliandika hadi ikawa desturi tupu, hawatazami tena. Mimi napenda kila siku, kwa sababu jambo la kila siku hukumbukwa. Lakini bora siku moja ya kutazama kweli kuliko saba za kuandika ukisinzia. Siku nyingine jambo moja linatosha. Siku nyingine usiandike, mwambie dada yako mkiwa mmelala, naye akwambie lake.

"Mjomba... na kama siku ni mbaya kweli? Mbaya kabisa?"

Njoo ukae karibu zaidi. Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na nimefurahi umeliuliza.

Kijana alifanya nini alipoiona kokoto? Alimwambia Kijivu, "Shukuru tu, una kwato nyingine tatu"? Hapana! Aliitoa kokoto kwanza. Kuhesabu kulikuja jioni.

Kuna watu wazima ambao mtoto akilia huwahi kumwambia, "Shukuru, wenzako hata hicho hawana." Wanasema kwa nia njema, lakini mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyefiwa anahitaji kulia. Mtoto anayeonewa shuleni anahitaji mtu wa kumtetea. Kushukuru si kufunika kokoto kwa kitambaa na kujifanya haipo. Mtu akikupiga, akikutisha, akikugusa unavyochukia, huna deni la shukrani kwake, hata kama ndiye anayekulipia ada na kukulisha. Hapo hatuandiki daftari. Hapo tunasema. Mwambie mama, shangazi, mwalimu, yeyote unayemwamini. Wa kwanza asiposikia, mwambie wa pili. Na kama huna wa kumwambia, Kenya, Tanzania na Uganda zina simu ya watoto, nambari 116. Hulipi kitu. Anayepokea kazi yake ni kukusikiliza.

Na kuna huzuni nyingine haina mtu wa kulaumiwa. Inakuja yenyewe, inakaa. Wiki moja, wiki mbili. Chakula hakina ladha, mpira hauna raha, usingizi hauji au hautoki. Huzuni hiyo inaweza kuwa ugonjwa, unaitwa sonona, na una madaktari wake na washauri wake kama malaria ilivyo na wake. Mtu wa namna hiyo usimpe daftari peke yake. Mpeleke hospitali, ukae naye kwenye foleni. Kijivu naye, siku ukwato unapovimba, hapelekwi kwa paka. Anapelekwa kliniki.

Ila kuna siku za katikati, na ndizo nyingi: si nzuri sana, si mbaya sana. Kokoto ipo, umeshaisema, imeshatolewa au itatolewa kesho. Siku hizo ndizo za kuhesabu. Andika kokoto pia ukitaka, iko siku yako. Kisha andika zile tatu.

"Mjomba, Kijivu alimshukuru yule kijana?"

Vizuri umemkumbuka. Kijivu hajui kuandika, wala hasemi na watu, husema na paka tu. Lakini asubuhi ya pili kijana alipokuja na shogi, kabla hajamfunga, Kijivu aliinua mguu wa nyuma wa kushoto, akauacha hewani. Kijana akautazama ukwato. Hakuna kitu. Kijivu akainua wa kulia. Hakuna kitu. Kijana akaelewa. Tangu hapo ndivyo wanavyoamkiana kila asubuhi, na ndoo haijapinduka tena.

Sisi tunao mdomo. Ukiulizwa "Habari za asubuhi?" unajibu "Nzuri, namshukuru Mungu," na umeshapita. Maneno ni mazuri, nami nayapenda, lakini ukitaka yakue, mpe mtu jina lake na kitu alichofanya. Daftari lako likishajaa kidogo, lifungue utazame ni nani anayejitokeza mara kwa mara. Bibi wa mahamri? Mwalimu? Kijana wa dukani anayekuongezea peremende moja? Mchague mmoja. Mwandikie barua. Mwambie alifanya nini, lini, na kilikusaidia vipi. Kisha usiitume, nenda mwenyewe, usimame mbele yake, umsomee. Seligman na wenzake walilijaribu hili pia, na walioandika barua wakaenda kuzisoma waliongezeka furaha kwa karibu mwezi mzima.

"Nitaona haya, mjomba. Na kama akinicheka?"

Kila mtu huogopa hivyo. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani, kisha wakawauliza: mnadhani atakayeipokea atajisikiaje? Waandishi walidhani wapokeaji wataona ajabu, watajisikia vibaya kidogo. Wapokeaji walipoulizwa wenyewe, walikuwa wamefurahi kuliko waandishi walivyodhani, na hawakujisikia vibaya kama ilivyoogopwa.

Huyo wako huenda akacheka. Watu wazima wengi hucheka wakiguswa, hawajui mikono waiweke wapi. Mwache acheke. Usikimbie katikati ya barua. Isome hadi mstari wa mwisho, halafu mpe hiyo karatasi abaki nayo.